Ndala Zilizongojea Gemu

Ilikuwa saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumatano, Deo alipoingia kwenye banda la gemu la Mama Zuhura pale Kilosa, akiwa na ukurasa wa gazeti la nje aliokuwa ameukunja mara nne na kuutia mfuko wa shati. Saa naikumbuka kwa sababu kazi yangu bandani ilikuwa kuitazama. Mashine ya kwanza ililipiwa kwa mechi, lakini ya pili ililipiwa kwa muda, na walimu wawili waliokuwa likizo walikuwa wamebakiza dakika tano. Deo alikuwa mpakiaji wa mizigo, na asubuhi ile alikuwa ameshuka na lori la mpunga hadi Mikumi. Pale barabara kuu, utingo wa lori la Dar es Salaam alimpa ukurasa ule, au Deo aliuomba, sikumbuki vizuri. Ulikuwa na picha ya mchezaji mpira aliyechorwa na kompyuta, na jasho lake lilionekana tone kwa tone. Chini yake palikuwa na maneno ya Kiingereza. Mimi Kiingereza nilikuwa najifundisha mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada, kwa hiyo nilipewa ukurasa nisome. Ulisema gemu mpya ya mpira itatoka karibuni, na kwamba itakuwa na ligi nyingi kuliko wakati wowote. Deo akasema taratibu, kama mtu anayekata shauri la mahakama: "Nyingi kuliko wakati wowote. Sasa hizo nyingi watazitoa wapi? Za Ulaya zote wameshaziweka. Lazima waje huku." Mwalimu mmoja aliweka pedi ya kuchezea chini. Hakuna aliyeona kosa katika hesabu ile.

Nimeyakumbuka haya mwaka huu kwa sababu tumemzika Mama Zuhura. Deo nami hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, ingawa yeye yuko Kimamba na mimi nina karakana yangu ya kutengeneza redio, televisheni na simu hapa Mikumi. Tulikaa mkeka mmoja msibani, tukala wali na maharage kwenye sinia moja, na mbele yetu vijana watatu wa ukoo walikuwa wakizungumzia gemu ambayo bado haijatoka. Wamekuwa wakiingoja tangu walipokuwa sekondari. Tarehe yake imesogezwa, ikasogezwa tena. "Humo ndani ukimgonga mtu na gari leo, kesho anakukumbuka," mmoja alisema. "Anakukumbuka sura," mwenzake akamrekebisha. "Na ukinenepa, anakusahau." Deo aliniangalia bila kugeuza kichwa, tonge likiwa mkononi, mabega yakimtikisika. Mtu mzima msibani hacheki, kwa hiyo aliinama kama anayetafuta mfupa kwenye maharage. Niliwauliza vijana kama kuna aliyemwona mtu akiicheza. "Mzee, itachezwaje na haijatoka?" walijibu kwa heshima, lakini kwa sauti ya kumsaidia mtu mwenye upungufu. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza nikiwa na umri wao, na jibu nililopewa wakati ule lilikuwa kali zaidi.

Banda lile lilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya mahindi, si mbali na stesheni. Ukuta wa kushoto ulikuwa na televisheni mbili za kichogo juu ya meza iliyotengenezwa kwa mbao za kreti. Mashine ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Ya pili haikusoma CD mpaka uilaze kwa ubavu na kuiegemeza kwenye tofali, na wateja waliijua kwa jina la Mgonjwa. Mama Zuhura mwenyewe hakuwahi kushika pedi. Alikaa mlangoni na karai la mafuta, akikaanga mihogo na kuiuza na kachumbari na pilipili, na mapato ya mihogo na ya mashine aliyaweka kwenye makopo mawili tofauti. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Zuhura, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la saba. Mama alikuwa amepanga akifaulu aende sekondari ya bweni Morogoro, na fedha za safari hiyo zilikuwa zikikusanywa kutoka kwenye makopo yale. Jambo hili halikuwa siri. Mteja akichelewa kulipa aliambiwa, "Mwanangu, hiyo mia yako ni daftari la Zuhura."

Zamu bandani zilishikwa kwa ndala. Ukitaka kucheza uliweka ndala yako moja chini ya ukuta, nyuma ya ndala ya aliyekutangulia, ukakaa kwenye benchi ukiwa na mguu mmoja mtupu. Aliyefungwa alilipa na kuondoka, aliyeshinda alibaki, na mwenye ndala ya mbele aliivaa na kuingia. Hakukuwa na ugomvi. Jina unaweza kulifuta na namba unaweza kuikana, lakini ndala kila mtu aliijua yake, na mwenye zamu hakuweza kwenda mbali. Nimeona foleni nyingi baada ya hapo, hospitalini, benki, kwenye vituo vya mafuta, na sijaona iliyokwenda kwa amani kama ile.

Siku ile ya ukurasa, Deo alivua ndala yake moja akaiweka chini ya ukuta wa kulia, ambao haukuwa na televisheni wala kitu chochote. "Hii ya gemu mpya," alisema. "Wa kwanza ni mimi, asije mtu akaniambia sikusema." Watu walicheka. Jioni ndala zilikuwa tano. Deo alikuwa bingwa wa banda, mtu aliyeweza kubaki kwenye kiti kuanzia adhuhuri hadi magharibi bila kutoa senti, na akifanya jambo, wengine walilifanya. Baada ya wiki chache safu ilikuwa imefika pembeni mwa chumba na kuanza kukunja kona. Kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Rudewa, aliyekuja mjini siku za mnada, aliacha katambuga moja ya tairi, akaondoka akitembea na moja. Nafasi zilianza kuuzwa. Ndala ya tatu ilibadilishwa kwa jezi, ya saba kwa soda mbili na sahani ya mihogo. Mtu aliweza kukaa bandani siku nzima akinunua na kuuza nafasi bila kugusa pedi.

Na maneno yaliongezeka. Nilikuwa na tabia, ambayo ninayo mpaka leo, ya kutaka kujua kila habari imetoka kwa nani. Ile ya kwamba ligi yetu imo ilitoka kwa Deo, kwa hesabu niliyoieleza. Ile ya kwamba mtangazaji atazungumza Kiswahili ilitoka kwa kinyozi wa jirani, aliyesema kuwa haiwezekani waje kuchukua timu zetu halafu watutangazie kwa Kiingereza. Kwamba mvua itanyesha na matope yatabaki kwenye jezi, hilo lilikuwa kweli, lilionekana pichani. Lakini kutoka kwenye matope watu walifika mbali. "Mchezaji akiumia, anaumia kweli. Wiki mbili humchezeshi." "Na refa anahongeka?" "Anahongeka, lakini lazima ujue kitufe chake." "Basi wa Kimamba watashinda kila siku." Tarehe ya kwanza tuliyoisikia ilipita gemu haijatoka. Deo alirudi Mikumi, akazungumza na watu wa malori, akaja na jibu: wameahirisha ili waongeze timu za Afrika. Hapo nikajifunza kitu ambacho sijakisoma popote. Kitu kilichopo kikichelewa, watu hukasirika. Kisichokuwepo kikichelewa, hukua. Kila ilipoahirishwa, gemu ile iliongezewa uwanja, timu, na hali ya hewa.

Niliuliza, mchana mmoja tukila makande, kama kuna mtu aliyewahi kuiona ikichezwa. Deo alinijibu mdomo ukiwa umejaa: "Saidi, na pepo je, nayo utataka uione kwanza ndiyo uswali?" Chumba kizima kilicheka, na Mama Zuhura pale mlangoni alicheka pia. Nilichokuwa nacho ni hesabu ya kopo la mashine, ambalo nililijaza mimi kwa mkono wangu na kulimwaga kila jioni mbele ya Mama. Lilikuwa likipungua. Watu walikuja, walikaa, walizungumza, walikula mihogo, lakini hawakucheza. Gemu tuliyokuwa nayo, waliyoipenda mwaka mzima uliopita, sasa iliitwa marehemu. "Nimfunge mtu kwenye gemu ya marehemu ili iweje?" walisema. Kwa sababu ya uvivu uliotanda bandani nilianza kufungua pedi zilizokufa. Nilikuwa na bisibisi, chuma cha kuchomelea kilichopashwa kwenye jiko la mihogo, na risasi ya kuungia waya niliyoichokonoa kwenye redio mbovu. Pedi ya kwanza niliiharibu kabisa. Ya pili ilipona. Mwisho niligundua kwamba Mgonjwa hakuwa na ugonjwa wa CD, ila kijigurudumu kimoja cha plastiki kilikuwa kimelika, nikakiinua kwa kipande cha karatasi ya sigara, na mashine ikasoma ikiwa imelala kifudifudi kama mwenzake. Hakuna aliyejali. Mteja mmoja alisema nimempaka marehemu manukato.

Kilichomwamulia Mama Zuhura ni ubao. Deo alileta habari kwamba Mikumi, kwenye baa na gesti ya Bwana Sanga iliyopo kando ya barabara kuu, pamewekwa ubao wenye maandishi mekundu: GEMU MPYA INAKUJA. Gemu hiyo haikuweza kuchezwa kwenye mashine zetu. Ilihitaji mashine mpya, na mashine mpya iliuzwa Dar es Salaam shilingi laki tatu na ishirini elfu. Mama alikuwa na laki moja na themanini, fedha ya Zuhura. Mtu wa Kimamba, fundi baiskeli aliyetaka kuanza banda, alikuwa tayari kuchukua mashine zetu zote mbili kwa laki moja na arobaini. Ukijumlisha, inatosha kamili. Nilimwambia Mama tusubiri ifike kwanza, tuione. Alikuwa anageuza mihogo, hakuinua macho. "Ikifika, wa Mikumi watakuwa wameshaichukua, na hawa wote watahamia huko," alisema. Kisha akanyoosha kijiko kuelekea ukuta wa kulia, ambako safu ilikuwa imekunja kona ya pili na kukaribia mlango. "Saidi, mimi gemu siijui. Biashara naijua. Mtu haachi ndala yake mahali bure."

Hoja yake ilikuwa nzuri, na nimeitafakari mara nyingi kuliko hoja za watu waliosoma. Hakuamini ukurasa wa gazeti, wala maneno ya kinyozi. Aliamini kile alichokiona kwa macho yake: watu wengi, wamejipanga, wakiwa wameacha mali. Mashine zikaenda Kimamba kwa baiskeli mbili, zimefungwa kwenye magunia. Kwa muda banda halikuwa na kitu chochote isipokuwa meza, televisheni na ndala. Ilibaki mihogo peke yake. Zuhura alifanya mtihani wake wa darasa la saba, na matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu. Tulikula wali na kuku siku hiyo, Deo akaletewa paja kama mgeni wa heshima, akasema, "Mama, ukifungua tu banda, ada ya miaka minne unaipata ndani ya mwezi." Alisema kwa moyo safi. Yeye mwenyewe alikuwa amekataa kuuza nafasi yake ya kwanza kwa baiskeli nzima.

Gemu ilipotoka, mashine na CD vilikuja pamoja kwa basi hadi Mikumi, na CD yenyewe iliongeza gharama ya shilingi elfu kumi na tano, ambayo Mama aliitoa kwenye kopo la mihogo. Deo nami tulikwenda kuvipokea. Siku iliyofuata, baada ya swala ya Ijumaa, banda lilijaa hadi nje. Niliunganisha waya, picha ikatokea, na kweli ilikuwa nzuri. Sitaki kusema uongo kwa sababu ya yaliyofuata. Nyasi zilikuwa nyasi. Nilishika pedi mimi kama fundi, nikafungua orodha ya ligi, nikaanza kushuka. Uingereza, Hispania, Italia. Ureno. Uturuki. Nchi za baridi ambazo majina ya timu zake hatukuweza kuyatamka. Nikafika chini. "Umepita haraka," mtu alisema. Nikarudi juu, nikashuka polepole. "Labda wameiandika kwa jina jingine," alisema kinyozi. Nikashuka mara ya tatu. Halafu Deo akavaa ndala yake, akakaa, akachagua timu kubwa ya Hispania, na mtangazaji akaanza kuzungumza Kiingereza. Aliyekaa naye alikuwa karani wa stoo ya mpunga, mtu ambaye Deo alikuwa akimfunga kila wiki kwa mkono mmoja huku akila muhogo kwa mkono wa pili. Lakini vitufe vilikuwa vimebadilika. Mbinu ya Deo, ya kukimbia pembeni na kukata ndani, haikufanya kazi tena. Karani alibonyeza chochote alichokiona, akashinda manne bila. "Bingwa kastaafu," sauti ilisema kutoka mlangoni. Deo alilipa mia yake, akatoka, hakurudi siku ile.

Wenye ndala nyingine walicheza zamu zao siku ile na kesho yake. Safu ilipaswa kutupa kazi ya wiki nyingi. Siku ya tatu, zamu zilipoitwa, hakuna aliyejitokeza. Mama Zuhura alikwenda ukuta wa kulia akaanza kuokota, na mimi nikamsaidia. Ndipo tulipoziangalia kwa mara ya kwanza kama ndala, si kama watu. Moja ilikuwa na kamba iliyofungwa kwa waya. Nyingine ilikuwa na tundu kisiginoni. Nyingine zilikuwa za mguu mmoja zilizobaki baada ya pacha zake kupotea mtoni. Kwa zamu za kawaida mtu aliweka ndala aliyokuwa amevaa, na alikaa pale mpaka aivae tena. Kwa gemu mpya, watu walikwenda uvunguni kwao wakachagua waliyokuwa tayari kuitupa. Katika safu yote, iliyokuwa nzima ni moja tu, katambuga ya yule Mmaasai, naye alikuja siku ya mnada, akacheza mechi mbili, akafungwa zote, akalipa, akavaa, akaondoka ameridhika. Mama aliishika ile yenye waya kwa muda. "Kumbe ni taka," alisema. Hakupandisha sauti. Akaniagiza nilete gunia.

Wiki iliyofuata tulisikia vijana wetu wanaendesha baiskeli hadi Kimamba, saa nzima na zaidi juani, kwenda kucheza gemu ya zamani kwenye mashine zetu za zamani. Deo alikuwa wa kwanza wao. Mgonjwa, niliyemtengeneza, alikuwa anafanya kazi huko tangu asubuhi.

Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Mama Zuhura alivaa kanga mpya, tukafunga mashine kwenye boksi lake, tukapanda lori hadi Mikumi kwa Bwana Sanga. Ubao wake ulikuwa bado upo. Alikuwa ametoa malipo ya awali kwa mtu wa Dar es Salaam, mashine haikuwa imefika, na madereva waliolala gesti walimuuliza kila siku. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuagizia chipsi mayai kabla hatujasema shida yetu. Mama hakugusa chakula. "Baba, nimekuja kukuuzia, lakini nikueleze kwanza," alisema. "Humo hamna ligi yetu. Hakuna Kiswahili. Vijana wangu wamecheza siku mbili wakaikimbia." Sanga alinigeukia mimi, akatabasamu. "Ni kweli, fundi?" Nikasema ni kweli, nimeshuka orodha mara tatu. "Na mbona mnaiuza na ndiyo kwanza imekuja?" "Binti anakwenda shule," Mama alisema. "Mama, mimi ni mfanyabiashara kama wewe," Sanga alisema. "Mtu anayetaka kuuza kitu kibaya anakisifia. Wewe unakiponda mbele yangu, maana yake moyo wako hautaki kukiachia. Sema bei." Mama akarudia maneno yaleyale, ligi hamna, Kiswahili hamna. Sanga akaongeza bei mwenyewe. Alipofika laki tatu na hamsini, Mama aliniangalia, kisha akatazama ubao kule nje, kisha akafungua pindo la kanga.

Kwenye lori la kurudi, tulipoacha lami, alinigeukia. "Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia mara mbili nzima." Nikasema nilisikia. "Wewe ungefanyaje?" Mpaka leo nina majibu mawili, na yanabadilishana kufuatana na siku. Sanga aliendelea na ubao wake mwaka mzima, na wasafiri waliingia kwa ajili ya ubao, wakanywa bia, wakaondoka bila kuuliza kilichomo ndani ya gemu. Huenda alijua anachonunua kuliko sisi tulivyojua tunachouza.

Kesho yake tulikwenda Kimamba. Fundi baiskeli alikuwa ameshajua thamani ya alichonacho, kwa sababu kila siku alihesabu baiskeli za Kilosa mlangoni kwake, naye hakushuka chini ya laki mbili kwa mashine zote mbili. Deo alikuwa ndani anacheza. Alisimama alipomwona Mama, akaacha kiti akiwa anaongoza, akamfunga Mgonjwa kwenye gunia na kumbeba mwenyewe hadi Kilosa bila kudai nauli. Banda lilifunguliwa jioni ileile, zamu kwa ndala, ukuta wa kushoto tu. Zuhura aliondoka Januari na sanduku, ndoo, jembe, fyekeo na sare mbili, vitu vyote vilivyoagizwa na shule isipokuwa godoro, na muhula wa kwanza alilala kitanda kimoja na msichana wa Magole. Mama aliuza mashine mbili kwa laki moja na arobaini, akanunua mpya na CD yake kwa laki tatu na thelathini na tano, akaviuza kwa laki tatu na hamsini, akarudisha za zamani kwa laki mbili. Hasara ilikuwa shilingi elfu arobaini na tano, na mwaka ule godoro la futi mbili na nusu, dukani Kilosa, lilikuwa elfu arobaini na tano.